Koti la Mama Mkwe na Gari la Festo

Ile klipu mliyoiona kwenye simu zenu, ya gari la mashindano linalotembea mwendo wa msafara wa harusi huku kiti cha nyuma amekaa mama mmoja amevaa koti la kiume, dereva wake ni mimi. Nimekana sana (hata fundi wangu nilimkania, akaniangalia tu akaendelea kufunga nati), lakini leo nimechoka kukana, kwa hiyo kaeni niwaeleze ilivyokuwa, na mkicheka chekeni taratibu maana Yustina, mke wangu, yupo chumba cha pili na yeye alikuwemo humo humo garini.

Mnajua mimi ni mtu wa Ilomba kule Mbeya, ila maisha yamenileta Mlandege hapa Iringa, na nimeoa Tosamaganga, kwa Wahehe. Starehe yangu ni moja tu, kukimbiza magari. Tuko kikundi cha watu wa kawaida, huyu ana duka la vifaa vya ujenzi, yule daktari wa mifugo, yule mwalimu, tunaomba ruhusa kijijini tupewe barabara ya shamba baada ya mavuno, tunavaa helmeti, tunaachiwa mmoja mmoja kwenye vumbi, na anayemaliza kwa muda mfupi kuliko wote anaondoka na mbuzi. Yustina ndiye anayenisomea kona, anakaa pembeni na karatasi zake, kona kali kulia, kona ndefu kushoto, na mimi nakanyaga.

Sasa kwenye kikundi chetu kuna ubishi usioisha, gari la zamani na gari jipya, lipi la kukimbilia. Wa gari jipya wanasema lina nguvu, breki zinashika, kompyuta inakuokoa ukikosea. Wa gari la zamani tunasema kompyuta inakuibia raha, na likiharibika porini utaita nani. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa wazamani. Nilikuwa na gari jekundu lililopauka, gia tano, hita ilishakufa, viti vya nyuma nilishaving'oa nikaweka mabomba ya chuma ya kukinga paa, na kila bolti ya gari lile ilishapita mikononi mwangu. Nililipenda kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu.

Kisha Festo akanunua gari. Huyu Festo, naye yumo kikundini, ameoa dada mkubwa wa Yustina, yaani tumeoa nyumba moja, na yeye ndiye mkwe mkubwa, mimi mdogo. Gari lenyewe jeupe, jipya, gia sita, linawashwa kwa kubonyeza, ndani bado linanukia upya wa dukani. Sikulijali, nasema kweli, mpaka siku ya kipaimara cha mtoto wa shemeji yangu, pale nyumbani kwa mama mkwe. Nimekaa ukumbini na sahani yangu ya pilau, namsikia mama mkwe jikoni anawasimulia wenzake.

"Gari ya Festo ndani kuna joto lake, unashuka hata viungo haviumi. Ile ya mkwe mdogo mimi sijawahi kupanda, ina vyuma tu mle ndani kama kitanda cha hospitali."

Wakacheka. Pilau haikushuka tena. Niwaambie ukweli, nilishikwa na wivu, wivu mbaya, wa kumwangalia Festo anavyotafuna nyama na kuona hata kutafuna kwake kuna majivuno. Huyo ni mama mkwe wangu na mimi vile vile, nimetoa mahari na mimi, kwa nini asifiwe Festo peke yake. Nikaweka sahani chini, nikamfuata Festo nje, nikamwambia tubadilishane magari.

Nilitegemea atabisha, au ataomba muda. Yeye akauliza tu, "Lini?" Mtu mwenye akili angesimama hapo hapo ajiulize kwa nini huyu kakubali haraka hivi, lakini mtu mwenye wivu hana nafasi ya maswali. Usiku Yustina akaniambia, "Baba Neema, gari umelitengeneza kwa mikono yako, unalitoa kwa sababu mama kasifia hita?" Nikamwambia haelewi mambo ya kiufundi.

Festo alipolileta alitaka anielekeze. Alisema maandishi yote kwenye kioo cha dashibodi ni ya Kijapani, akataka kunionyesha kitufe gani ni cha joto, kipi cha nini, na kwamba ule ufunguo hauchomekwi popote, unakaa nao mwilini na gari linauhisi lenyewe, basi usiachane nao. Mimi nikawa najibu najua, najua, najua, kila anapofungua mdomo najua, maana kufundishwa gari na Festo ilikuwa ni kumeza mwiba. Akanipa ufunguo, akaingia kwenye gari langu jekundu, akaondoka nalo. Na hapo ndipo nilipojua nina ugonjwa, kwa sababu nilisimama getini nikisikiliza anavyobadilisha gia, ya pili, ya tatu, nikaanza kumwonea wivu upya. Gari lake ninalo mimi na bado namwonea wivu.

Siku ya mashindano, mwezi wa sita, baridi ile ya kwetu mnayoijua, nikaenda asubuhi Tosamaganga kumchukua mama mkwe kwa heshima zote akatazame. Hapa lazima niwaeleze kitu wale msioijua nyumba ile. Kwa wakwe zangu heshima bado ni ya zamani, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na neno lolote zito lazima lipitie kwa mtu wa tatu. Basi mama akakaa nyuma, Yustina mbele na mimi, tukaondoka kimya kimya, nikabonyeza kile nilichodhani ni kitufe cha joto. Ukatoka upepo wa baridi. Nikabonyeza kingine, ukaongezeka.

"Mama anatetemeka," Yustina akasema.

Sikuwa tayari mama mkwe afike mbele ya Festo akitetemeka ndani ya gari lile lile lililosifiwa joto. Nikasimama pembeni, nikavua koti langu la sufu, zito, nikampa Yustina, Yustina akamfunika mama. Mama akamwambia binti yake, amwambie mkwe kwamba amemfunika na hatasahau. Jamani, nilinenepa pale kwenye usukani. Nikawa najiambia, Festo hajawahi kumfunika.

Tulipofika sikuzima gari (nilitaka watu wasikie injini, wageuke, waone nani anashuka kwenye gari la nani). Mama akashuka na koti langu likimfika magotini, Yustina akawanong'oneza wanawake wa pale kwamba mkwe amemfunika mama, vigelegele vikapigwa, mama akasindikizwa hadi kwenye turubai la watazamaji. Huko upande wa pili Festo alikuwa amezungukwa na watu wanaolipapasa gari langu jekundu, wanaliuliza habari zake, naye anajibu kama aliyelizaa. Nikasema moyoni, ngoja tuone.

Nikaitwa kwenye mstari, injini bado inaunguruma tangu Tosamaganga, Yustina akafunga mkanda, bendera ikashuka, tukatoka. Hapo hapo gari likaanza kulia pi, pi, pi, na maandishi ya Kijapani yanawaka kwenye kioo.

"Linalia nini hili?" Yustina akauliza.

"Magari ya kisasa ndivyo yalivyo," nikamjibu. "Yanaongea. Soma kona."

Akasoma kona, na lazima niseme gari lilikuwa na mbio, kona ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, nikaanza kumwona mbuzi. Kona ya tatu ina mchanga mwingi na barabara ni nyembamba, mkono wangu ukatafuta gia ya pili pale ilipokuwa kwenye gari langu la zamani, ukaikuta ya nne. Gari likatikisika, likazima, limekaa mshazari katikati ya njia. Nikabonyeza kuwasha. Kimya. Nikabonyeza tena, yakaja yale maandishi.

"Ufunguo uko wapi?" Yustina akauliza.

"Mfukoni."

"Mfuko wa wapi?"

Nikajipapasa kifuani. Nikasema, "Wa koti." Yustina akakunja karatasi zake za kona, akaziweka mapajani, akatazama nje dirishani upande wake.

Muelewe ugumu wa jambo. Nimemfunika mama mkwe mbele ya kadamnasi, vigelegele vimeshapigwa, nguo ile si yangu tena, na kumwambia avue kwa sababu mimi nina haja nayo ni sawa na kumvua nguo uwanjani. Lakini ufunguo ni lazima. Yustina akampigia simu mshereheshaji wa mashindano, amwombe mama kwa siri aingize mkono mfukoni tu, autoe, apewe mtu wa pikipiki atuletee. Mshereheshaji ana siri gani yule. Kutoka mbali, mpaka pale tulipo, tukasikia kipaza sauti kikimwomba mama mkwe wa dereva wa gari jeupe atazame kwenye koti la mkwe wake.

Akatazama. Mfuko ulikuwa umetoboka (koti la mtumba, nililinunua Mbeya, sikuwahi kuligeuza), ufunguo umeteremka ndani ya bitana mpaka nyuma mgongoni, mama anauhisi lakini hawezi kuufikia, na nani atathubutu kuingiza mkono mgongoni kwa mama wa watu.

Wakati huo aliyenifuata kwenye mstari ameshaachiwa, na aliyenifuata ni nani kama si Festo. Nikalisikia gari langu kabla sijaliona. Likaja, likaona nimeziba njia, likasimama vizuri kabisa nyuma yangu, breki zile nilizozifunga mimi. Festo akashuka, akavua helmeti, hakucheka, na kutocheka kwake kuliniuma zaidi. Nyuma yake likaja la mwalimu, likaja la daktari wa mifugo, foleni porini, na watu wa mashambani wakaanza kusogea na watoto wao migongoni.

Kisha pikipiki ikatokea, mama mkwe kakaa upande upande na koti langu. Alipokaribia tu, gari likalia kwa furaha na taa zikawaka, limemtambua, watu wakapiga makofi. Mama akashuka, akasimama ametupa mgongo kama heshima inavyotaka, na mimi nikainamisha kichwa usukanini, na kwa kuwa neno zito lazima lipite kwa mtu wa tatu, na Yustina alikataa kata kata kuwa mtu huyo, mtu wa tatu akawa Festo, japo naye ni mkwe, maana mwingine wa nyumba ile hakuwepo. Akaenda, akaongea naye ametazama chini, akarudi dirishani kwangu.

"Mama anasema koti havui, na kulichana hataki, ni zawadi ya mkwe wake," akasema. "Anasema kama gari linamtaka yeye, atapanda."

Akapanda. Nyuma, peke yake, mikono mapajani. Nikabonyeza, gari likawaka bila shida yoyote. Sasa niambieni, unakimbizaje gari na mama mkwe nyuma? Haiwezekani. Na barabara ile hakuna pa kupishana, lazima uimalize. Tena kioo cha ndani kilikuwa kinanionyesha uso wake, nikakigeuzia juu kwenye paa, kwa hiyo sikuona chochote nyuma yangu, sikuona Festo, mwalimu, daktari na wengine wote wakinifuata taratibu na taa zinawaka, msafara mzima. Tulipotokeza kwenye mstari wa mwisho mshereheshaji akatangaza kwamba sasa anaingia dereva wetu pamoja na mama yake mkwe, akaomba vigelegele, akavipata. Simu zote zilikuwa juu. Jioni ile ile mama yangu mzazi alinipigia kutoka Ilomba, hakunilaumu, aliuliza tu kama mama wa watu hakuumia.

Wengine waliruhusiwa kurudia. Mimi sikuomba. Nilisimama nyuma ya turubai bila koti, nikalisikiliza gari langu jekundu likizunguka mle shambani, najua kila mlio una maana gani, na Festo hakukosea hata gia moja. Akachukua mbuzi. Nikamfuata, nikameza aibu yangu, nikamwambia ndugu yangu, turudishiane.

Akaweka mkono begani kwangu. "Mdogo wangu, lile jeupe lilikuwa linaendesha lenyewe, mimi nimekaa tu. Miaka yote nilikuwa nakuonea wivu wewe, hata mke wangu anajua. Sasa nimepona. Usinirudishie ugonjwa."

Yaani mtu niliyekuwa nalala nikimwonea wivu, kumbe naye alikuwa analala akinionea mimi, na mimi nikamponya kwa mikono yangu.

Kwa hiyo nimeapa, mbele yenu na mbele ya huyo aliye chumba cha pili, sitabadilishana kitu na mtu yeyote maishani, na hasa mtu anayeuliza "lini" kabla ya kuuliza "kwa nini". Mama mkwe alitoa neno, kupitia kwa Yustina, kwamba nimpeleke kanisani kila Jumapili, na nampeleka. Jumapili iliyopita tunapanda taratibu kwenda misa, Festo akatupita na lile jekundu, akashusha gia kwenye kona vile ninavyopenda mimi, sauti ikabaki inazunguka kwenye miti. Mama akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea, kisha akamwambia Yustina, "Gari ya Festo inalia vizuri."

Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini mkwe hajibu.