Ua Lililopakwa Mafuta ya Viatu

Fundi Soli alianza kushona viatu tangu meno yake yote yapo. Barazani kwake palikuwa na kigoda, nyundo, makopo ya rangi, na kopo la mafuta ya kulainisha ngozi. Mkewe alikuwa wa maneno mengi, yeye wa machache, wakaelewana. Mke alipofariki, nyumba ikawa kimya mno hata kwake yeye asiyependa kelele.

Katika vitu vya marehemu, chenye uhai kilikuwa kimoja: ua la kwenye chungu, dirishani sebuleni, majani mapana kama viganja vya mtu mzima. Mama huyo alizoea kulipangusa kwa kitambaa chenye maji. Fundi alilimwagilia tu, basi.

Vumbi la barabarani likaganda juu ya majani. Fundi akaona aibu, kana kwamba mkewe anakuja kukagua. Akafanya alichokijua: akachukua kopo la mafuta na brashi laini, akapaka jani moja moja, juu na chini, maana fundi wa kweli haachi upande. Yakang'aa kama viatu vya bwana harusi. Akayatazama, moyo ukatulia kidogo.

Haukupita muda, jani likageuka njano likadondoka. Likafuata jingine. Akaongeza maji, wapi. Usingizi ukampaa. Mke alichukuliwa na maradhi. Ua je, angesema limechukuliwa na nani? Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miche.

Shemeji alifika, akagusa jani, akanusa kidole.

"Shemeji, hili ua ulitaka liende kazini?"

Fundi akajitetea kwamba ngozi isipopakwa mafuta hukakamaa.

"Ngozi yako imekufa, shemeji. Hili linapumua."

Akaligeuza jani, akamweleza taratibu. Majani yana vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, vingi viko upande wa chini, na kila kimoja kina midomo miwili. Mchana, maji yakitosha, midomo hujaa na kufunguka. Hewa inaingia, mvuke unatoka. Kiu ikizidi, midomo hulegea, kitundu kikajifunga ili maji yasiishe. Na yeye alikuwa ameviziba kwa mafuta.

"Nimeliua?" fundi akauliza.

"Bado. Lete maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo."

Wakaosha pamoja. Fundi alisugua upande wa chini kwa ncha za vidole, kama anayemnawisha mtoto mchanga. Shemeji alimtania kwamba marehemu hakuwahi kuoshewa hata sahani. Fundi akacheka, kisha akajipangusa macho kwa mkono wenye povu. Kabla ya kuondoka, shemeji alilivisha jani moja mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, akaufunga shingoni. Akamwambia atazame kesho jua likishapanda.

Kesho yake fundi hakugusa kazi. Alikaa mbele ya mfuko. Ulikuwa mkavu. Jua likaingia dirishani, bado mkavu. Akainuka, akarudi, akakaa tena. Halafu ukungu ukatanda ndani ya plastiki, mwembamba, na baadaye tone likateleza hadi chini. Akaufungua mfuko polepole, jani lisisongwe.

Nje mteja akabisha hodi, akauliza kiatu chake mbona hakijaguswa.

"Nina mgonjwa ndani," fundi akasema.

"Pole, fundi. Anaendeleaje?"

"Anapumua."