Jicho la Upande Gani

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kama yuko mtu mbishi kuliko yeye, sijamwona. Daktari aliposema macho ya bibi hayafiki mwisho wa mwaka, na bibi akasema anatamani kuuona uso wa mwanawe mara moja tu kabla ya giza, shangazi alijibu palepale, "Hilo tu, mama? Nitamchora."

Mwanawe huyo ndiye baba yangu. Alifariki mimi nikiwa tumboni, na uhai wake wote alikimbia kamera kama paka na maji. Hakuacha picha hata moja.

Kutafuta mafunzo nikatumwa mimi. Maktaba ilikuwa na kitabu kimoja cha kuchora, na kurasa za nyuso zilikuwa zimechanwa. Aliyezichana Mungu anamjua. Video za kwenye simu nazo ni balaa: mwalimu anachora duara, ukipepesa macho duara limeshakuwa mtu mwenye kope. Kikundi cha wanaojifunza kuchora kilikuwa na watu mia tatu, na kila tulichotuma walijibu "hongera sana" na maua. Shangazi akawatumia picha ya kiazi kwa makusudi. Akapewa hongera, akajitoa.

Mwisho tukampata mchora mabango anayefundisha watu sita kila Jumamosi nyuma ya karakana yake. Huyo hakuwa na maua. Aliitazama kazi ya shangazi akacheka.

"Mama, umekunja karatasi?"

Kweli alikuwa ameikunja. Fundi hukunja kitambaa, akachora nusu, akakata. Akikunjua, pande mbili zinalingana. Baba yangu naye alikuwa amekatwa hivyohivyo, kama kola.

"Uso si gauni," mchora mabango akasema. "Hakuna mtu aliyelingana pande zote. Kaka yako alikuwaje?"

"Jicho moja lilikuwa limelala kidogo."

"Lipi?"

Shangazi akagusa jicho lake la kulia, kisha la kushoto, kisha mkono ukashuka. "Nimekula naye sahani moja miaka ishirini," akasema. "Silikumbuki." Hasira zilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani. Mimi ndiye mwanawe, na sikuwa na hata neno moja la kumsaidia shangazi.

Tulirudi nyumbani, shangazi akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi. "Mama, jicho la kaka lililolala lilikuwa la upande gani?"

Bibi alifikiri mpaka chai yake ikapoa. "Mwanangu, mimi nilikuwa namwona mzima. Sikuwahi kumwona upande."

Basi shangazi akachora picha mbili, moja jicho la kulia limelala, nyingine la kushoto. Ilimchukua majuma sita, kufuta na kuanza upya, na safari hii hakukunja karatasi. Siku alipomaliza, alimwekea bibi ya kwanza mikononi. Bibi akaigeuza huku na huku, akaishika kidevu juu, kichwa chini, akaitazama hivyohivyo kwa muda mrefu.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa."

Shangazi alitoka nje bila kumpa ya pili. Mimi nimezitundika zote mbili ukutani kwangu, na mpaka leo sijui baba yangu ni yupi.