Anjera za Stendi ya Garsen

Mama wa anjera pale stendi ya Garsen humwaga uji wa unga katikati ya kikaango, akauzungusha kwa mgongo wa upawa mpaka ukingoni, huku akiimba Kisomali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimtoa Mogadishu akiwa msichana, na mikate yake hiyo myembamba yenye vitundu ikaja naye. Kadenge, mkulima wa kijiji cha Kulesa, haanzi siku bila kuila.

Juzi abiria mmoja akauliza hicho ni chakula cha wapi.

"Chetu!" Kadenge akadakia, mdomo umejaa. "Hata marehemu nyanya yangu alikuwa akikipika."

Uongo mtupu. Akamkumbuka mpishi aliye mbele yake, akaona haya. Mama, upawa hewani, akacheka mpaka mtandio ukamteleza. Akamwongezea nyingine.

"Kula, mwanangu. Kumbe nimeshafika nyumbani."