Mwenye Alikula Bila Kuomba

Usicheke. Miye mwenyewe nilikuwa pale, kamba mukononi, na haikuwa hata usiku: ilikuwa saa tisa ya muchana, jua kali. Ninaandika sababu kusema mbele ya batu siwezi.

Baba mudogo, ndugu ya baba, alikuwa muzee wa kanisa kwetu Butembo na muchuuzi wa maharagi. Vita ikafunga njia ya Kanyabayonga, biashara ikakufa, akaenda kuuzisha chumvi kwa batu wenye kutafuta zahabu chini ya mutoni. Kule wakamuvalisha lineti ya maji ku macho, tiyo mu kinywa, mupira murefu wenye moteri inasukumia mupepo, mawe mu kiuno ya kumuzamisha, akashuka kwa muchezo tu. Akapanda akilia kwa furaha. Mutu wa miaka makumi ine na tatu! Tumbo kama ngoma! Toka siku ile, ukimuuliza habari ya vita, anakujibu habari ya samaki. Zahabu hata hakuitafuta. "Kule chini hapana mutu ananiita," anasema. Na huku Mama mudogo, muke wake, anabaki peke yake na batoto sita. Nilimuzarau kabisa.

Masomo ilikuwa imefungwa, donc nikatumwa kumupikia. Siku ya dimanche wenye mashine walienda kuomba ku kanisa. Muzee wa kanisa, yeye, akabaki kuzama. Akanipa kamba yenye ilikuwa imefungwa mu kiuno chake.

"Nikivuta mbili, univute. Na moteri isizime, mupepo yangu inatoka mule."

Kisha akaomba mupaka magoti yangu ikachoka, sababu hata kikombe cha chai anakiombea hivyo. Akazama.

Muda kidogo, Baba mudogo akatokea nyuma yangu, mu majani, akaikala pembeni yangu.

"Zima moteri, mutoto wangu. Nimeisha kutoka. Tunapoteza mafuta bure."

Sura yake, tumbo yake, sauti yake. Lakini nywele ilikuwa kavu. Na kamba ilikuwa bado nzito mukononi, inatembea polepole chini ya maji. Weye ungefanya nini? Miye sijawahi kumukatalia mukubwa. Nikaanza kusimama. Ndipo akatosha muhogo mu kitunga changu cha chakula, akauma. Bila kuomba. Baba mudogo!

Nikasema kidogo-kidogo: "Baba mudogo, tuombe kwanza."

"Omba weye."

Na miye mujinga, niamini, nikafanya vile tunafundishwa toka utoto: nikainamisha kichwa, nikafunga macho. Ku neno ya tatu, moteri ikanyamaza.

Kufungua macho: hapana mutu. Muhogo chini, umeumwa. Kamba ikavuta mbili, mbili, mbili. Nikavuta mupaka ngozi ya vidole ikatoka. Akafika juu na rangi ya majivu, damu mu pua, na neno yake ya kwanza ni hii:

"Kwa nini umezima? Nilikuwa naangalia samaki moja..."

Nikamueleza yote. Akacheka. Juma yenye ilifuata akarudi mu maji. Sikio ya kushoto haisikii tena, hajali. Na nani anashika kamba? Miye.

Toka siku ile ninaomba macho wazi. Kanisani bibi ya pasta ananifinya, anifinye tu. Na weye, mutu akikupa kamba yake, hata awe mupumbavu namna gani, usifunge macho. Mungu atakuvumilia.