Mistari Sita Niliyoichoma

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2008, nilikabidhiwa bunda la kamba, vigingi viwili na ndoo ya chokaa. Ilikuwa shule moja ya Westville, kitongoji cha matajiri cha Durban, Afrika Kusini, yenye viwanja vitatu. Nilikuwa nimetoka Albert Park, mtaa wetu wa wageni katikati ya mji, alfajiri kwa taksi mbili, yale mabasi madogo ya abiria, kisha nikapanda kilima kwa miguu peke yangu, maana watu wa huko wana magari yao. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kwetu Bujumbura nilikuwa nimechora uwanja wa parokia kwa majivu miaka mingi, nikajiona fundi.

Mkuu wa watunza viwanja alikuwa Baba Ndlovu, Mzulu mrefu asiyependa kurudia neno. Aliniacha nichore mstari wa kwanza, akautazama, akaniambia kwa Kiingereza cha polepole ili nimwelewe: "Mstari ni wa mechi moja. Nyasi ni za miaka. Siku hivi viwili vikigombana, wewe simama upande wa nyasi."

Niliitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa si kusikia, vijana wangu, na hadithi hii yote imetoka hapo.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Nyasi zetu ziliitwa kikuyu. Asili yake ni milima ya Kenya, nazo hutambaa kwa vikonyo vinavyoshika udongo kama vidole. Nilizipenda tangu mwanzo. Zilitoka Afrika Mashariki kama sisi, zikaota Durban nzima, na hakuna aliyeziomba makaratasi. Kwa mpira wa miguu tulizikata fupi, milimita ishirini na tano hivi. Kwa raga tuliziacha ndefu kidogo, kwa sababu raga ni mchezo wa kuangushana. Baada ya kukata tulitandaza mchanga mwembamba kujaza vishimo, kisha tukapitisha roli, lile pipa zito la chuma, kuulaza udongo. Nyuma ya banda la mashine Baba Ndlovu alikuwa na kitalu, kiwanja kidogo cha nyasi zisizokanyagwa na mtu. Alikitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa mahari. Meneja wa majengo, bosi wetu sote, alikuwa akiuliza kila mwaka kwa nini pasigeuzwe kuwa maegesho.

Mimi nilikuwa kibarua. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu, nao uliongezwa mitatu, kisha mitatu tena. Mtu mwenye mkataba wa namna hiyo hawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba mwakani atakuwepo. Mapema mwaka 2010 meneja alinidokeza kuwa nafasi ya kudumu itapatikana, nami nikaanza kutafuta namna ya kuonekana.

Chokaa ya Durban haina maisha. Mvua ikinyesha na nyasi zikikua, siku tatu tu mstari umekwenda. Basi msimu wa raga ulipoanza, nilichanganya dawa ya kuua magugu kwenye chokaa nilipochora ile mistari sita ya raga inayokatiza uwanja mkuu. Nyasi zilikufa chini ya mstari, na mstari ukakaa. Baba Ndlovu alikuwa likizo kwao. Aliporudi aliutazama uwanja muda mrefu, akaguna "Eish," akaondoka. Meneja alinipiga begani. "Mistari yako haifutiki," akasema. Nililala vizuri wiki hiyo.

Mwezi Juni ukafika, na Kombe la Dunia likaja hadi mjini kwetu. Ligi ya Brazili ilisimama kupisha mashindano, na klabu moja ya kusini mwa nchi hiyo ikaamua kutumia mapumziko hayo kuja Durban kufanya mazoezi siku kumi, na kuwaonyesha wachezaji wao vijana timu ya taifa ikicheza. Shule ilikuwa imefungwa, uwanja uko wazi. Meneja aliwakubalia haraka, akaniambia wazi: wageni hawa wakiridhika, nafasi ni yako.

Albert Park habari zilifika kabla yangu. Papa Dédé, kinyozi Mkongomani wa ghorofa ya chini, alinisimamisha mlangoni kwake mbele ya wateja. "Mzee, Wabrazili wako wanakuja kwako kweli? Na weye utawaonyesha nini, ile fagio yako?" Watu wakacheka. Nilimjibu kwamba siku nikiwaona nitawaambia kuna kinyozi anayekata nywele vibaya kuliko ng'ombe anavyokata nyasi. Nilicheka nao, lakini nilipanda ngazi nikiwa na furaha ya mtu anayekaribia kufika.

Aliyekuja kukagua uwanja alikuwa kocha wao msaidizi, mwanamume mfupi mwenye mvi. Aliwahi kucheza Ubelgiji, hivyo alisema Kifaransa, na pale shuleni Kifaransa nilikuwa nacho mimi peke yangu. Meneja akanifanya mkalimani. Tulisimama wanne pembeni mwa uwanja: kocha, meneja, Baba Ndlovu na mimi.

Kocha aliweka mpira chini, akausukuma kwa ndani ya mguu, taratibu. Mpira ukatambaa vizuri, ukafika kwenye mstari wa kwanza wa raga, ukaruka. Ukafika wa pili, ukaruka tena. Pale nyasi zilipokufa udongo ulikuwa umeliwa na mvua, ukaacha mfereji wa kina cha kidole kimoja. Mimi nilikuwa nimepita juu yake kila siku bila kuuona, kwa sababu nilikuwa natazama weupe wa mstari.

"Kwetu mpira unakaa chini," kocha akaniambia. "Ukiruka, mchezaji amechelewa, na mguu wake ukiingia humo kifundo kinageuka. Sisi tuko nafasi ya pili kutoka mkiani. Nikipoteza mchezaji mmoja hapa, tunashuka daraja. Muulize bosi wako nani aliyechora mistari hii, na kama inaweza kuondoka ndani ya siku tano. Kama haiwezi, tutatafuta uwanja mwingine."

Meneja aliniuliza kwa Kiingereza: anasemaje?

Hapo ndipo nilipopimwa. Watu watatu walinitazama, na ukweli wote ulikuwa mdomoni mwangu peke yangu. Nikasema: "Anasema uwanja unahitaji maji zaidi."

Meneja akafurahi, akasema maji si shida. Kocha alinitazama bila kupepesa. Baba Ndlovu hakunitazama kabisa. Aliinama, akatia kidole chake ndani ya mfereji, akakiacha pale. Nikakumbuka siku ya kwanza, na ndoo ya chokaa.

"Samahani bosi," nikasema. "Hakusema hivyo. Anauliza nani alichora mistari hii. Ni mimi. Nilitia dawa, nyasi zikafa, na mpira unaruka. Anataka iondoke ndani ya siku tano au anaenda kwingine." Kisha nikageuka na kumwambia kocha maneno hayohayo kwa Kifaransa, nisimwache mtu yeyote nje.

Meneja alibadilika rangi. Akasema habari ya mkataba ingoje, na akauliza kwa hasira kama kuna dawa ya kufufua nyasi. Baba Ndlovu alisimama, akajifuta kidole kwenye suruali. "Dawa iko nyuma ya banda," akasema. "Pale unapotaka kuweka magari."

Sikilizeni namna tulivyofanya, huenda siku moja ikawafaa. Tulikata mistari yote sita, upana wa kiganja, tukatoa udongo uliokufa hadi tukafika ule ulio hai, wenye harufu nzuri. Kisha tukakata vipande vya nyasi kutoka kitaluni, vinene vya vidole vinne. Kipande chembamba hung'oka kiatu kikikikanyaga, lakini kinene hukaa kwa uzito wake siku hiyohiyo. Tulivibana kimoja baada ya kingine kama matofali, tukajaza mchanga kwenye viungo, tukapitisha roli, tukanyunyizia maji asubuhi na jioni. Mistari sita, kila mmoja mita sabini hivi. Kitalu cha miaka kumi na moja kiliisha chote kwa siku nne. Nilipojaribu kumwomba Baba Ndlovu radhi, alinikatiza. "Ndiyo kazi yake," akasema. "Kitalu ambacho hakiishi ni bustani tu."

Siku ya tano kocha alirudi na mpira wake. Aliusukuma. Ulivuka wa kwanza, wa pili, ukaenda hadi ukachoka wenyewe. Akanikonyeza. "Kiingereza changu ni kidogo," akasema, "lakini neno 'maji' nalijua. Sikuwa nimelisema. Nilikuwa nasubiri nione utafanya nini."

Walifanya mazoezi siku zote kumi na hakuna aliyeumia. Walipokwenda kuitazama Brazili ikicheza na Ureno, kocha alitupatia mimi na Baba Ndlovu tiketi mbili. Mchezo uliisha bila bao, na watu wengi walinung'unika. Sisi tulikuwa wawili tu tuliofurahi. Kwa dakika tisini mpira ulitambaa kwenye ule uwanja mpya wenye tao na haukuruka popote, na Baba Ndlovu alikuwa akinigusa kiwiko kila mara, kama mtu aliyeketi kanisani na kwaya ya watoto wake inaimba.

Wiki iliyofuata Brazili ilitolewa na Waholanzi. Papa Dédé alifunga duka lake la kunyolea siku nzima. Lakini mimi nilikuwa na timu nyingine ya kufuatilia. Mpwa wangu alinitafutia msimamo wa ligi kwenye simu kila Jumatatu: mara wamepanda nafasi moja, mara wameshuka mbili. Desemba, mechi ya mwisho, walipata sare ugenini wakabaki daraja lao kwa pointi moja.

Mkataba wangu wa kudumu nilikuwa nimeupata Septemba. Meneja alinionyesha barua ya kocha, nikamtafsiria mwenyewe. Nyasi hazikutajwa. Iliandikwa tu kwamba shule ina mtu aliyetafsiri maneno yaliyomhukumu yeye mwenyewe, na kwamba mtu wa namna hiyo asiachwe aondoke.

Baba Ndlovu alistaafu mwaka uliofuata, nikarithi cheo chake, funguo za banda, na kile kipande cha ardhi kitupu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kukipanda upya. Tangu hapo kila kibarua mpya nilimpa mpira kabla ya kumpa kamba. Nilimwambia ausukume taratibu, autazame unavyokwenda, uwanja utamwambia wenyewe unapouma. Nimefundisha wengi hivyo, na wengine wamenipita kwa ufundi, jambo linalonifurahisha kuliko cheo.

Nilistaafu mwaka 2015. Asubuhi ya mwisho niliingia uwanjani peke yangu. Ile mistari sita bado inaonekana ukiijua: nyasi za kitalu zilishika vizuri kuliko zote, na kila mahali nilipochoma kuna ukanda wa kijani kilichokoza kidogo. Niliweka mpira chini nikausukuma. Ulivuka yote sita. Nikaufuata polepole, nikauokota upande wa pili, nikaenda kurudisha funguo.