Pamba ya Njiani ya Ntate Ramatla

'Masebueng alikuwa mtu wa hofu. Mambo makubwa hayakumtisha sana. Mumewe Tlali alipokufa kwa kifua alichokitoa migodini, alisimama wima kaburini akaimba mpaka mwisho. Ni mambo madogo ndiyo yaliyomla. Akifunga mlango, alirudi kuusukuma. Akibandika sufuria, aliinuka kwenda kuona kama uji umeungua kabla hata maji hayajapata moto. Wenzake wa Chama cha Mtakatifu Anna, pale misheni ya Ha Letsika, walimtania kwamba akifika mbinguni atamwomba Petro ruhusa arudi mara moja duniani kuangalia kama alizima jiko.

Kwa hiyo Padre Khoarai alipomwita sakristia, juma moja baada ya Pasaka, akamwambia anataka awe mhudumu wa Ekaristi, wa kuwapelekea wagonjwa Komunyo majumbani, 'Masebueng alidhani padre amekosea jina.

"Mimi, Padre? Mchukue 'Malikeleli. Yule ana mikono iliyotulia."

"'Malikeleli ana mikono iliyotulia na mdomo usiotulia. Atasimama kila ua kusalimia. Mimi nataka mtu mwenye hofu."

"Basi hapo umempata," alisema 'Masebueng, na machozi yakamlenga.

Padre alimfundisha masharti. Kutoka altareni hadi kwa mgonjwa, moja kwa moja. Hakuna kupitia dukani, hakuna umbea wa njiani, hakuna kuingia kwa mtu kunywa chai. Hostia inakaa ndani ya kikasha kidogo cha dhahabu, kikasha ndani ya kifuko cha ngozi, kifuko shingoni, chini ya blanketi. Mara mbili za kwanza alikwenda karibu tu na misheni, na mara zote mbili alitembea mkono wake ukiwa umebana kifua kama mtu aliyevunjika mbavu. Wachungaji waliokutana naye walivua kofia bila kuulizwa. Yeye hakumwitikia hata mmoja, akifika nyumbani akasumbuka tena kwamba huenda wamemwona ana maringo.

Ikaja Jumapili ya nne ya Pasaka. Vipupwe vilikuwa vimeshaanza kushuka kutoka milimani, mtama umesimama mashambani mwekundu, haujavunwa, na usiku wa kuamkia siku ile mvua ya kuchelewa ilikuwa imepiga huko juu. Kanisani watu walijaa. Aleluya waliyonyimwa Kwaresima nzima walikuwa bado hawajaishiba. Waliiimba kwa miguu na mabega, mpaka moto wa mshumaa mkubwa wa Pasaka ukawa unatikisika. 'Masebueng aliimba nusu tu. Alikuwa amemwona Sofia, binti wa Ntate Ramatla, ameingia amechelewa na kusimama nyuma kabisa, blanketi limelowa hadi magotini.

Ntate Ramatla ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa misheni tangu 'Masebueng akiwa msichana, mzee mkali aliyewahi kumfukuza bwana harusi kanisani kwa kutafuna karanga. Sasa alikuwa amelala nyumbani kwake ng'ambo ya mito, mwezi wa pili huo.

Misa ilipokwisha, na watu wamemaliza "Malkia wa Mbingu, furahi", Sofia alimfuata padre mlangoni. Mzee amekataa chakula, alisema. Anaita majina ya watu waliokwisha kufa.

Padre alikuwa tayari amekamata ufunguo wa gari. Vigango viwili vya nyuma ya mlima vilikuwa vinamngoja. Alikuwa amempaka mzee mafuta Ijumaa. Aligeuka akamtazama 'Masebueng.

"Mpelekee Pamba ya Njiani, Komunyo ya mwisho ya safari."

"Na mvua ikirudi, Padre?"

"Utajifunika."

"Na mto ukiwa umejaa?"

"Mama 'Masebueng. Nenda."

Sofia akatangulia mbio kwenda kumwangalia baba yake. 'Masebueng alibaki nyuma kidogo, maana ilibidi padre amfungie kikasha, na yeye akaomba akifungue akifunge tena, ahakikishe.

Kufika kwa Ntate Ramatla lazima uvuke maji mara mbili: kijito cha kwanza chini ya misheni, halafu mto wenyewe. Kijito alikivuka kwa mawe, maji yakimlamba vifundo. Alipanda kilima katikati ya maua ya waridi ya mwituni yaliyojaa kandokando ya njia, akateremka upande wa pili, na kabla hajauona mto aliusikia. Ulikuwa unanguruma. Mahali pa kuvukia hapakuwapo tena. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi na mlango wa zizi la mtu. Sofia alishavuka, au amechukuliwa? 'Masebueng aliita mpaka sauti ikapasuka. Ng'ambo, mbali, kitone cha blanketi la bluu kilipunga mkono kikaendelea kupanda mlima.

Akageuka arudi misheni. Mvua ikaanza. Alipofika kwenye kijito, mawe aliyoyakanyaga muda si mrefu yalikuwa yamezama.

Alisimama pale. Mbele mto, nyuma kijito, mvua inapiga blanketi, na chini ya blanketi yuko Bwana. Angekuwa peke yake angekaa chini ya mwamba angoje. Lakini kifuko kikilowa? Hostia ikilowa? Padre hakumfundisha hilo.

Katikati ya maji yale mawili palikuwa na nyumba moja tu, na nyumba hiyo ilikuwa ya wifi yake, 'Mapaballo.

Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya Tlali. 'Mapaballo alitaka kaka yake azikwe pale, kwenye uwanja wa baba zao, kando ya zizi. 'Masebueng alimzika makaburi ya misheni. Maneno yalitupwa mbele ya watu, na baada ya hapo 'Mapaballo akaiacha misheni akaenda kwa wale wanaovaa kanzu nyeupe na mishipi ya bluu na kubatizana mtoni.

'Mapaballo alikuwa mlangoni, kana kwamba alikuwa amemwona muda mrefu anavyohangaika huku na huku kilimani.

"Leo jua limetokea wapi?" alisema. "Mjane wa kaka yangu!"

'Masebueng alitikisa kichwa, akaonyesha kifua chake.

"Umekuwa bubu?"

"Siruhusiwi kuongea njiani," 'Masebueng alinong'ona. "Nimebeba."

"Umebeba nini?"

"Bwana. Nampeleka kwa Ntate Ramatla, na maji yamenifungia."

'Mapaballo alimtazama, mvua ikimchuruzika 'Masebueng puani. Kisha akasogea kando.

"Basi mwingize. Asilowane."

Ndani, 'Mapaballo alifukuza kuku, akazima redio, akaondoa beseni la mboga mezani. Alitoa kitambaa cheupe sandukuni, akakikung'uta, akakitandika bila neno. Akawasha mshumaa. 'Masebueng aliufungua ukosi wake kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kifuko kilikuwa kimelowa nje tu. Aliweka kikasha juu ya kitambaa, akapiga magoti.

"Nyinyi watu wa Roma," 'Mapaballo alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini, "mnamfungia Mungu ndani ya kopo."

"Si kopo."

"Ni nini?"

"Wifi, nakuomba. Si mbele yake."

Wakakaa. Maji hayakupungua; giza likaingia na mvua ikaendelea. 'Masebueng alikataa kulala, akakataa chai, akakubali uji wa mtama kwa sababu meno yalikuwa yanagongana. Na hapo, kwenye ncha mbili za benchi, wakagombana. Wakagombana kwa minong'ono, kama watu walio chumba kimoja na mtoto aliyelala.

"Hukuniachia hata nimwoshe," alinong'ona 'Mapaballo. "Ndugu yangu wa tumbo moja. Nilifika na maji ya moto ndooni nikakuta mmeshalipigilia jeneza misumari."

"Watu wa hospitali ndio walisema tusimfungue."

"Na kaburi? Nalo hospitali ndiyo ilisema? Baba yuko hapo nje. Babu yuko hapo. Tlali yuko kwa mapadre, kama mtu asiyekuwa na kwao."

'Masebueng aliweka bakuli la uji chini.

"Niliogopa maji," alisema.

"Nini?"

"Niliogopa maji, wifi. Nilisema, akilala ng'ambo ya kijito, mvua zikija nitakaa miezi bila kumwona. Nitakuwa nasimama ng'ambo kama chizi namwita. Alikuwa migodini miaka yote ile, mimi nasubiri. Sikuweza kusubiri tena."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unapiga kelele."

'Mapaballo alitoa sauti fulani, nusu kicheko, akaifunika kwa blanketi haraka huku akiangalia mezani. Mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu, na 'Masebueng hakujua kama anacheka au analia, akaogopa kuuliza.

Kulipopambazuka, mvua ilikuwa imekata. Mto ulikuwa bado mkali, lakini 'Mapaballo alizaliwa kando yake, na juu kidogo alijua mahali ambapo mwamba unatandaa chini ya maji. Alichukua fimbo ndefu, akapandisha kanzu akaifunga kiunoni kwa mshipi.

"Shika mshipi wangu. Usitazame maji. Tazama mgongo wangu."

"Na nikiteleza?"

"Ukiteleza wewe, nitakuacha. Yeye nitamkamata."

Maji yaliwafika mapajani. 'Masebueng alishika mshipi kwa mkono mmoja, kifuko kwa mkono mwingine, amekiinua hadi kidevuni, na katikati ya mto alijikuta anasali kwa sauti sala ya kabla ya chakula, maana nyingine zote zilikuwa zimemkimbia.

Walipokaribia nyumba ya Ntate Ramatla, waliona watu uani. Wanaume wamekaa kimya, kofia mikononi. 'Masebueng akasimama.

"Nimechelewa. Wifi, amekufa. Nilipaswa kuvuka jana."

"Ungevuka jana wangekuwa wanakutafuta wewe. Tembea."

Sofia akatoka, macho yamevimba. Mzee alikuwa hai bado, alisema, lakini tangu jana mchana hajameza kitu. Maji wakimtia yanatokea pembeni.

Hofu mpya hiyo, na kubwa kuliko ya mto. Ndani, Ntate Ramatla alikuwa amelala chali, pua imechongoka, kinywa wazi, pumzi ikipanda kama mtu anayevuta mzigo. 'Masebueng alitandika kitambaa, akasoma sala huku herufi zikimrukaruka. Atatema. Atapaliwa. Nitakuwa nimemuua kwa Mwili wa Bwana. Alitazama nyuma. 'Mapaballo alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake iliyolowa, na kwa kichwa tu akamwashiria: haya.

Alimega chembe ndogo kama punje ya mtama. Aliiweka kwenye kijiko chenye maji.

"Mwili wa Kristo, Ntate."

Akamimina. Maji yalikaa kinywani. Sofia alibana mikono mdomoni. Maji yaliendelea kukaa, na 'Masebueng alikuwa ameshatanguliza kitambaa chini ya kidevu cha mzee, anangoja yatoke. Kisha koo lile jembamba likapanda, likakwama, likashuka.

Jicho moja la Ntate Ramatla likafunguka. Likazunguka mpaka likampata.

"Umechelewa," alisema.

Kilichobaki cha hostia alikila 'Masebueng mwenyewe, ameinamia ukuta, akaosha kikasha akanywa maji yake, na alipomaliza alikaa sakafuni kama gunia lililofunguliwa kamba. 'Mapaballo ndiye aliyemvua viatu vilivyolowa.

Mzee alikufa Jumatano. Walimzika misheni kwa aleluya, mshumaa wa Pasaka ukiwaka kichwani pa jeneza, na kengele yake mwenyewe ikapigwa na mtu asiyejua kuipiga vizuri. 'Masebueng hakupata amani siku nzima ile. Baada ya maziko alimkamata Padre Khoarai mkono.

"Kama chembe ilibaki kwenye kijiko, Padre?"

"Ulikiosha?"

"Mara tatu. Maji nikayanywa."

"Basi haikubaki."

"Na kuhusu kuongea. Niliongea njiani. Usiku kucha. Tena niligombana, Yeye yupo mezani."

"Mkagombana mkaishia wapi?"

'Masebueng alifikiri. "Alinivusha mto."

Padre alimwambia akapumzike. Hakupumzika. Jumapili iliyofuata alipokabidhiwa tena kikasha mikono ilitetemeka vilevile, na imeendelea kutetemeka kila Jumapili, ingawa sasa hakuna mgonjwa anayekubali kupelekewa na mtu mwingine.

Siku chache kabla ya Pentekoste, asubuhi ya baridi, 'Masebueng alikuwa anafagia kanisa na wenzake aliposikia 'Malikeleli anaguna dirishani. Makaburini, mtu wa kanzu nyeupe na mshipi wa bluu alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi la Tlali, na ndoo ya maji ya moto inayofuka mvuke. Alikuwa anaosha jiwe kwa kitambaa, taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama unavyoosha mtu.

'Masebueng aliacha ufagio, akatoka. Akaogopa kusema vibaya, akachuchumaa upande wa pili wa jiwe.

"Mmemlaza upande," alisema 'Mapaballo bila kuinua macho. "Angalia. Jiwe limeinama."

"Ardhi ndiyo ilishuka."

"Ardhi! Lete kitambaa kingine, huko kwako kuna matope."