Nyayo Ndani ya Hedifoni za Mama Pyo

Mama Pyo Deok-sun aliingia kwenye duka langu la vifaa vya sauti, Yongsan, siku ya Jumatano, akatua juu ya meza ya kioo kopo la plastiki la kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, lenye kifuniko chekundu. Nikadhani kaniletea kitoweo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na hedifoni nilizomuuzia mwenyewe, zimeviringishwa kwenye taulo la jikoni.

"Chukua mali yako," akasema. "Ina watu ndani."

"Watu gani?"

"Ningewajua ningekuja kwako? Wanatembea. Nyuma yangu, upande wa kulia, juu kidogo. Nageuka, hakuna mtu. Nikirudi mbele napigwa risasi ya kisogo. Wenzangu wamenichoka, Bosi Tak. Jumapili saa kumi tuna mechi, na nikiwapa habari ya uongo tena, nafasi yangu anakaa mwingine. Wameshampata, tena ana miaka ishirini na moja."

Mtu asiyemjua angecheka. Mama mwenye nywele za kuviringwa kwa dawa, aproni inanuka mafuta ya ufuta, analilia nafasi kwenye kikosi cha gemu. Mimi sikucheka, kwa sababu kwanza ni mteja, na pili, najua nafasi ile aliipataje.

Mama Pyo anauza vitoweo vidogo sokoni Bucheon: dagaa wa kukaanga kwa sukari, maharage meusi, majani ya ufuta, mizizi ya yungiyungi. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za ukumbi wa gemu. Miaka mingi alikuwa anawapandishia vijana sinia za chakula, kisha anangoja vyombo vyake, maana ukiviacha kule vinageuka vya kuwekea majivu ya sigara. Na kumngoja mchezaji amalize kula ni sawa na kungoja jiwe lichemke. Basi akawa anakaa kwenye kiti kilicho wazi, anashika kipanya, anabonyeza bonyeza. Mwaka ule mumewe alikuwa ameondoka kwenda Busan na mwanamke muuza samaki. Mama Pyo alisema jambo moja tu kuhusu hilo: kwamba nyumba sasa ina nafasi ya meza kubwa.

Vidole vyake ni vizito. Yeye mwenyewe anakubali. Kinachomlisha ni masikio. Sokoni amezoea kuutazama moto na kuwapa wateja mgongo, na anakwambia nani anakuja kwa kusikia viatu tu. Anayekuja kununua hatembei kama anayekuja kuonja bure. Kwenye gemu yao, watu wanne wanawawinda wanne wengine ndani ya jengo bovu, kimya kimya, na anayesikia hatua za mwenzake kwanza ndiye anayebaki hai. Mkuu wa kikosi, Seung-mok, fundi wa lifti, alimchukua kwa kazi hiyo peke yake: asikilize, aseme adui yuko wapi. Wanamwita Mamdogo, kama anavyoitwa na soko zima.

Kurudisha hedifoni zile nisingeweza. Sehemu ya malipo ilikuwa kimchi ya msimu mzima, na kimchi ilishaliwa. Kwa hiyo nikazichomeka kwenye kompyuta ya dukani, nikamfungulia sauti yangu ya majaribio, nyuki anayekizunguka kichwa. Akaanzia kushoto, akapita nyuma, kulia, akarudi mbele. Nikamvalisha Mama Pyo.

"Yuko wapi?"

"Nyuma kulia. Sasa mbele. Huyu nyuki hana tabu, anajulikana."

"Basi mashine ni nzima. Nyumbani umeiwekaje?"

"Nimewasha kila kitu."

"Kila kitu?"

"Si nimelipia kila kitu?"

Nikadhani nimelipata tatizo. Gemu ina ufundi wake wa kuizungusha sauti, na kisanduku cha sauti nilichompa pamoja na hedifoni kina ufundi wake. Ukiwasha vyote viwili, ni wapishi wawili kwenye chungu kimoja, kila mmoja anatia chumvi bila kumwambia mwenzake. Sauti inavurugika, ya nyuma inasikika juu, ya juu inasikika popote. Nikamwambia azime wa kisanduku, abakize wa gemu, na kwenye mipangilio ya kompyuta aandike spika mbili. "Masikio yako ni mawili. Iambie kompyuta ni mawili. Usiidanganye kwamba una manane."

Ijumaa akanipigia simu. "Umenitengenezea kweli, Bosi. Sasa nawasikia vizuri zaidi. Hata visigino."

Jumamosi nikafunga duka mchana, jambo nisilolipenda kabisa, nikaenda kwake Bucheon.

Anakaa ghorofa ya saba. Nilivua viatu, nikaona kwenye kona mzigo wangu wa zamani: spika tano na sabufa yake, vimefunikwa blanketi. Hivyo ndivyo nilivyomuuzia mwanzo. Aliviweka sakafuni kumzunguka, akacheza wiki chache, hadi ile spika ya matangazo ya jengo, iliyo darini kwa kila nyumba, ikaanza kulia kila jioni kwa sauti ya mlinzi: wakazi wapendwa, tafadhali punguzeni mitetemo. Hakutajwa jina, lakini kila mtu alijua. Ndipo akaja kununua hedifoni, nikampa zile zenye matundu nyuma, kwa sababu zinaipa sauti uwanja mpana.

Nikaanza kazi. Nikahakikisha kushoto ni kushoto. Nikamwambia abane nywele, maana mawimbi yale ya kichwani yalikuwa yanazinyanyua hedifoni upande mmoja. Nikashusha besi ili isizifunike hatua. Nikavaa mwenyewe, nikaingia kwenye uwanja wa mazoezi, mahali pasipo na adui.

Tu. Tu. Tu. Nyuma, kulia, juu kidogo.

"Umesikia?" akauliza Mama Pyo. Uso wangu ulikuwa umeshamjibu.

Nikapunguza sauti hadi mwisho. Tu. Tu. Nikachomoa waya. Hedifoni zikabaki kichwani mwangu kama kofia, hazijaunganishwa na chochote duniani. Tu. Tu. Tu.

"Nani anakaa juu yako?"

"Hakuna mtu. Wamehama tangu masika, mlango una matangazo ya dalali."

Nikapanda ghorofa ya nane kwa miguu. Mlango umefungwa, matangazo yamebandikwa hadi kwenye kitasa. Nikarudi. Mama Pyo alikuwa amesimama katikati ya sebule na mwiko mkononi.

"Usiniambie mashetani," akasema. "Sina wakati wa mashetani, mechi ni kesho."

Nilikaa kwenye kiti chake nikifikiri, na hapo matako yangu yakanisaidia kuliko masikio. Kiti kilikuwa kinatetemeka. Nikalala chini, nikaweka sikio sakafuni. Nyayo za juu zilikuwa zinatoka chini.

Tukashuka. Ghorofa ya sita alifungua Mzee Maeng, aliyestaafu kuendesha treni za mizigo, akiwa na soksi nzito na uso wa mtu aliyeisubiri siku hii.

"Hatimaye!" akasema. "Mwenye buti kaja mwenyewe."

"Buti gani?" Mama Pyo akainua mguu wake. Alikuwa na ndara za sponji, nene kama mkate. "Hizi ndizo buti?"

Mimi sikuwa nawasikiliza. Nilikuwa natazama ndani. Sebuleni, juu ya nguzo ya chuma, sabufa imeangaliana na dari, imeibana kabisa, na ubavuni ina kibandiko cha duka langu. Nikamkumbuka. Mteja wa majira ya baridi, aliyeuliza kama sabufa inafanya kazi ikiangalia juu. Nilimwambia inaangalia popote utakapoigeuzia. Sikumuuliza kwa nini. Mteja anayeulizwa sana hununua duka la jirani.

"Bosi wa Yongsan!" akaniambia kwa furaha. "Inafanya kazi vizuri sana."

"Naona, mzee."

"Huyu mama alinitembelea kichwani mwezi mzima. Nikaurekodi mwendo wake hapa darini, nikawa namrudishia. Cha kwake, nimempa. Sikuongeza hata kimoja."

Mama Pyo akamwambia aongeze sauti. Akasikiliza huku amefumba macho, kama anavyosikiliza viatu sokoni. Kisha akafumbua.

"Huyu si mimi. Huyu ni mwanamume, amevaa buti, anapanda ngazi za bati." Akanigeukia. "Bosi, hizi ni hatua za gemu! Zilitoka kwenye sabufa yangu!"

Basi tukalielewa, au tulidhani hivyo. Hatua za gemu zilishuka kwa Maeng kupitia sabufa niliyomuuzia Mama Pyo, zikarudi kwa Mama Pyo kupitia sabufa niliyomuuzia Maeng, na zilipofika kwenye hedifoni zikajifanya hatua za adui. Biashara haikuwa mbaya. Ila Mzee Maeng alikuwa anatikisa kichwa.

"Haiwezekani. Wewe uliacha spika zako kabla miti haijachipua majani, si ndiyo? Mimi nasikia nyayo mpaka leo. Asubuhi ya leo nimesikia."

"Za kwako mwenyewe hizo."

"Natembea vipi darini kwangu, mama?"

Akazima mashine kwa hasira. Tukatega masikio wote watatu.

Tu. Tu. Tu.

Hafifu, lakini zilikuwepo. Mama Pyo akatazama juu. Mzee Maeng akatazama juu. Huko juu ni nyumbani kwa Mama Pyo, na Mama Pyo alikuwa amesimama hapa na ndara zake. Tukafungua mlango, tukasikiliza korido. Tukapiga simu kwa mlinzi, akasema zege husafirisha sauti atakavyo Mungu, mtu wa ghorofa ya tatu upande wa pili anaweza kusikika kwako. Kisha akauliza kama tunataka atangaze. Tukamwambia aache.

"Kwa hiyo nimeteswa bure," akasema Mama Pyo.

"Na mimi nani kanitesa?" akasema Mzee Maeng, na kwa mara ya kwanza alionekana amepotea njia.

Nikaona wakikaa hivyo tutafika Jumapili bila lolote. Nikawaambia: mechi ni kesho saa kumi. Mashine izimwe, mimi nitakuja kuinunua tena kwa bei ya haki, yaani bei yangu. Hizo nyayo nyingine hatuna dawa yake. Hata hedifoni zisizo na matundu hazitasaidia, nyayo zinapanda kwa miguu ya kiti.

"Sasa nitajuaje ya jengo na ya gemu?" akauliza Mama Pyo.

Mzee Maeng akakohoa. "Za jengo nazijua mimi. Miezi yote hii nimefanya kazi gani nyingine?"

Wakapatana pale pale mlangoni. Mzee atakaa sebuleni kwake na ile nguzo. Akisikia hatua, anagonga dari mara mbili. Akiwa kimya, hatua ni za gemu. Malipo ni maharage meusi, na mizizi ya yungiyungi ikiwa watashinda. Aliomba na dagaa. Akanyimwa.

Jumapili nilifika mapema, nikavisha miguu ya kiti mipira ya tenisi, nikabana hedifoni juu ya nywele. Mechi ikaanza. Mimi sikuwa nasikia gemu, niliona kioo tu na kumsikia yeye: "Mmoja kushoto, ngazini. Seung-mok, usipite hapo. Kushoto, nimesema, huko unakokwenda ni kulia, mwanangu!"

Katikati ya mechi akakunja uso, mkono ukainuka. Kutoka chini: ko, ko. Akashusha mkono, hakusema kitu, wala hakugeuka. Seung-mok alipita salama.

Mwishoni walibaki wawili, yeye na Seung-mok, na adui mmoja hajulikani alipo. Seung-mok alikuwa amepiga magoti anafungua sanduku, hawezi kutazama nyuma. Mama Pyo akainua mkono tena. Akaganda. Akatazama sakafu, nami nikatazama sakafu. Kimya. Akangoja kidogo zaidi. Kimya.

"Nyuma kulia, juu! Geuka!"

Seung-mok akageuka, akafyatua kabla ya kuona. Mtu akaanguka kutoka ngazi za bati. Mama Pyo alivua hedifoni, akafuta masikio kwa aproni, akaniambia kijana wa miaka ishirini na moja atafute kikosi kingine.

Tulishuka na sahani mbili, maharage na yungiyungi. Tukabonyeza kengele, tukabonyeza tena. Mlango haukufunguliwa. Lifti ndiyo iliyofunguka, akatoka Mzee Maeng na gunia tupu.

"Mmeshamaliza?"

"Ulikuwa wapi?" akauliza Mama Pyo.

"Leo si siku ya kutenga takataka? Niligonga ile ya kwanza, nikashuka na chupa. Lori haliningoji mimi."

Mama Pyo akanitazama. Nikamtazama. Kimya kile tulichokiamini kilikuwa kimya cha nyumba isiyo na mtu.

"Basi zile za mwisho..." akaanza.

"Zilikuwa za gemu," nikasema. "Mtu ameanguka, umemwona."

"Nimemwona. Lakini nilisikia yeye au nilisikia jengo?"

Mimi sitoi dhamana kwa kitu nisichokiuza. Mama Pyo akampa Mzee Maeng maharage, sahani ya yungiyungi akabaki nayo.

"Hii utaipata Jumapili ijayo," akamwambia, "ukikaa ndani mpaka mwisho."

"Na chupa zangu?"

Tangu siku hiyo, kila Jumapili kabla ya saa kumi, chupa za Mzee Maeng anazishusha Mama Pyo.